Nyama Isiyonuka Samaki

Kama ulipita soko la Kisangani miaka ile ya hamsini, Wazungu walipokuwa bado wanauita mji Stanleyville, ukasikia mwanamke anamfokea mnunuzi kwa Kiswahili, kisha kwa Kilingala, kisha kwa Kifaransa cha misheni kilichojaa viraka, basi huyo alikuwa Philomène, usitafute mwingine. Alikuwa Mgenya, wa kabila la wavuvi wa maporomoko ya mto, mke wa mvuvi Michel, mama wa binti mmoja aliyeitwa Claire. Asubuhi aliuza samaki wabichi, mchana wale wa moshi. Mtu akimbonyezabonyeza samaki wake bila kununua, Philomène alimwuliza mbele za watu: "Unamupima ao unamuoa?"

Soko zima lilicheka, naye alicheka kuliko wote. Alikuwa mwanamke wa kicheko, mnene, mwenye sauti ya kuvuka mto. Hakuna aliyemwonea. Polisi wa soko mwenyewe alipita upande wa pili akimwona kanuna.

Lakini jambo moja lilimnyamazisha, na jambo hilo lilikuwa harufu. Tangu msichana mdogo alibeba samaki, akawapasua, akawatandaza juu ya kichanja, akakaa ndani ya moshi wao mpaka machozi yamtoke. Siku za kazi hakujali. Jumapili ndiyo ilikuwa kesi. Kanisani wanawake wa mitaa mingine, wake za makarani, walisogea kidogo kwenye benchi alipokaa. Kidogo tu, wala hawakusema neno, nawe utasemaje na mtu aliyesogea kidogo? Basi kila Jumapili, kabla ya kuvaa, Philomène alichuma ndimu kwenye mti uliokuwa nyuma ya jiko, akazipasua na kujisugua viganja, viwiko, shingo, chini ya kucha. Ngozi ilipasuka na kuwaka moto. "Acha iume," alisema. Aliona haya, tuseme ukweli. Aliona haya ya kazi iliyomlisha yeye na mtoto wake, na kuona haya hiyo kulimuudhi zaidi.

Sasa Claire akapata mchumba.

Kijana aliitwa Hubert, fundi wa magari, mpole, mwenye kucheka kwa aibu. Philomène alimpenda siku ya kwanza, kwa kuwa alikula sahani mbili za samaki na kulamba vidole. Tatizo halikuwa Hubert. Tatizo lilikuwa baba yake, papa Timothée, kapita, yaani msimamizi, wa vibarua kwenye uwanja wa ndege wa Simi-Simi, mtu aliyeshuka kutoka milima ya Kivu ambako ng'ombe anaheshimiwa kuliko mkubwa wa posta. Papa Timothée alitembea na kofia, koti na leso. Siku moja alipita sokoni karibu na meza ya Philomène, na leso ile akaipeleka puani.

Jioni Hubert alimwambia Claire, naye Claire, ambaye hakujua kuficha, akamwambia mama yake, maneno ya mzee yalivyokuwa: "Kwa bale batu ya maporomoko, hata chai inanuka samaki. Bon. Kwetu ndoa ni ng'ombe. Ng'ombe haiwezi kuishi pale kwenye mawe, donc nitatuma paja. Baipike, tuende tule kwao. Nikiweza kula, tutaongea. Nikishindwa, hakuna ndoa, na mutu asiniite bokilo."

Bokilo kwa Kilingala ni mkwe, na si neno la kutupatupa. Ukishaitwa hivyo mbele ya watu, mmefungwa.

Claire alilia. Philomène hakulia, alipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. "Atakula!" alisema. "Atakula na kofia yake! Nyama yangu haitanuka samaki hata akileta mbwa wa polisi kunusa!"

Rahisi kusema. Nyumba ile tangu kujengwa haikupika ng'ombe zaidi ya Noeli na Pasaka, tena wa supu. Kisu kilikuwa cha samaki, ubao wa samaki, beseni la samaki, hata paka alikuwa wa samaki. Ikabidi Philomène aende kwa jirani yake Nyota, mwanamke Mwislamu kutoka Kasongo, aliyeuza nyama ya kuchoma kivukoni kila jioni na ambaye wanaume walivuka mto kwa ajili ya nyama ya makala yake tu, yaani ya makaa. Nyota alimwazima waya wa kuchomea, kisu, na beseni la bati.

"Sikiliza, mama Claire," Nyota alisema, "maana wewe unapenda kusema kuliko kusikiliza. Unakata nyama vipande vipana, unene wa kidole. Unakamua malala mbili na ndimu nusu."

Malala, yaani machungwa, Philomène alikuwa nayo gunia zima. Kaka yake alifanya kazi kwenye bustani za Yangambi, na meli ilipopanda kutoka kule alimtumia yale makubwa ya kupandikizwa, matamu, yenye maji ya kufika viwiko.

"Ndimu nusu?" Philomène aliuliza.

"Nusu, ndugu yangu! Kitunguu unasaga, kitunguu saumu unasaga, pilipili, mafuta kidogo. Chumvi mwisho, nyama ikienda motoni. Unalaza nyama ndani, unawasha makala. Makala ikikuwa nyekundu, nyama iko tayari. Usiiache zaidi. Ndimu ni kali, itaipika mbele ya moto kuifikia."

"Nimesikia."

Alisikia, ndiyo. Kukubali lilikuwa jambo lingine.

Paja lilifika Jumapili alfajiri, limefungwa kwa majani ya migomba, Hubert mwenyewe amelibeba begani huku shati jeupe limeharibika. Wageni walikuwa waje baada ya chakula cha mchana cha Wazungu, papa Timothée akitoka kusimamia ndege ya asubuhi. Philomène alimfukuza Michel na vichanja vyake vya samaki mpaka nyuma kabisa ya nyumba, upande ambao upepo haurudi. Michel, mtu wa maneno machache, alibeba vichanja bila kubisha. Alikuwa ameoa miaka mingi.

Philomène akakata vipande kutoka nusu ya paja. Nusu nyingine akaifunga tena kwenye majani, akaiweka kapuni, itakuwa ya mchuzi kesho. Akakamua malala mbili, juisi ikanukia vizuri mpaka akatabasamu peke yake. Akasaga vitunguu. Akakata ndimu, akakamua nusu, akaitazama nusu iliyobaki mkononi.

Ndimu nusu! Ndimu nusu haikutosha kumtoa harufu kwenye kidole gumba. Yeye kila Jumapili alimaliza nne, tano, na bado wale wanawake walisogea. Na mikono hiyo hiyo ndiyo imeshika nyama hii sasa. Nyota anajua nini? Nyota hajawahi kusogewa kanisani, haendi kanisani. Philomène akakamua nusu ile. Akainusa nyama. Ilinuka nyama, lakini aliinusa na moyo wake ukamwambia samaki. Akakamua nyingine. Akanusa tena. Mwishowe alitoka nje, akautikisa ule mti, akarudi na ndimu zimejaa kwenye kitenge, akakamua mpaka nyama ikaogelea. Hapo ndipo roho ikatulia. Akafunika beseni, akajisugua mikono kwa maganda yaliyobaki, akavaa, akaenda misa na Claire.

Misa siku hiyo, mama yangu! Kulikuwa na ubatizo. Watoto walikuwa wengi, kila mmoja na jina refu, na padre mpya aliyetoka Ulaya alitaka kuhubiri kwa Kiswahili alichojifunza melini. Philomène aliketi akiwaza beseni. Alijaribu kuondoka wakati wa sadaka, mlango ukawa umezibwa na wazazi wa ubatizo. Alipotoka, jua lilikuwa juu kabisa, na alitembea kasi mpaka Claire akabaki nyuma ameshika viatu mkononi.

Akafunua beseni.

Nyama ilikuwa nyeupe. Siyo ya kufifia, nyeupe kabisa, ya rangi ya samaki aliyechemshwa. Alipoinua kipande kilimkatikia mikononi, kikaanguka vipande vipande kama uji mzito. Akakionja kidogo kwa ulimi, uso mzima ukajikunja.

"Uwiii!" Yowe lile lilimleta Nyota kutoka kwake na Michel kutoka nyuma ya nyumba kwa wakati mmoja.

Nyota alitazama ndani ya beseni. Akatazama mti wa ndimu, uliokuwa umebaki na majani tu. "Nilisema nusu," alisema.

"Najua ulisema nusu!"

"Nusu, mama Claire, si mti."

Philomène akaketi chini na nguo zake za misa, akaanza kulia kwa sauti, yeye ambaye soko zima halikuwahi kuona chozi lake. Alisema amemuua mtoto wake. Alisema atakuwa bibi kizee na Claire bado yuko ndani, kwa ajili ya ndimu. Claire alimkumbatia akamwambia si kitu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua ni kitu.

"Ile nusu nyingine?" Nyota aliuliza. "Paja lilikuwa kubwa."

Philomène akaruka. Ya mchuzi! Akakimbilia kapu. Kapu lilikuwa tupu, majani yamekunjwa vizuri pembeni.

"Nani ameiba nyama yangu?"

Michel akakohoa. "Haikuibiwa," alisema.

"Iko wapi, papa Claire?"

"Nilitoka kwenye mitego, nikaona nzi wanaizunguka. Nyama nzuri, nzi wanaizunguka. Alors..." Akaonyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu.

Alikuwa amefanya lile ambalo Mgenya yeyote hufanya akiona nyama ya kitu chochote inakaribia kuharibika, lile baba yake alifanya na babu yake alifanya. Ameipandisha juu ya kichanja. Pale ilikuwa, nusu paja la ng'ombe wa Kivu, limelala katikati ya samaki kulia na samaki kushoto, moshi unalipanda polepole.

Philomène alitaka kumpiga. Aliinua mkono kabisa. Ile isiyo na harufu haina nyama, na ile yenye nyama ina harufu yote ya ukoo wa Michel! Kisha akaanza kucheka katikati ya kilio, cheko lililomjia bila ruhusa, na Nyota akacheka, hata Claire akacheka huku anafuta pua.

Nyota akaligusa paja, akalipasua kidogo kwa kisu. Nje lilikuwa limekauka na kupata rangi ya kahawia, ndani bado bichi, jekundu, zuri. "Hii itachomeka," alisema. "Itanuka moshi yenu, siwezi kukudanganya. Lakini itachomeka."

"Atakataa."

"Basi mwambie nyama imeanguka mtoni."

Philomène alifikiri. Angeweza kusema hivyo, na wageni wangerudi siku nyingine, naye angetafuta paja jingine, angeosha tena, angesugua tena. Akatazama vidole vyake vilivyopasuka, ndimu inavichoma mpaka saa ile. Akachoka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuchoka na jambo hilo.

"Lete malala," alimwambia Claire.

Safari hii alifanya kama alivyoambiwa, huku Nyota amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akimlinda kama askari wa gereza. Malala mbili. Ndimu nusu, na nusu iliyobaki Nyota aliitia mfukoni mwake. Kitunguu, kitunguu saumu, pilipili, mafuta ya mawese kijiko kimoja. Michel aliwasha makala, kwa kuwa alikuwa na deni la siku nzima, na yalipokuwa mekundu vipande vikatolewa, vikanyunyiziwa chumvi, vikalazwa kwenye waya. Mafuta yakadondoka, sukari ya malala ikaungua kidogo pembeni, na harufu ikapanda, ikatoka uani, ikashuka mpaka kwenye mawe ya mto ambako wavuvi waligeuza vichwa. Ilikuwa harufu ya nyama. Na chini yake, huwezi kuikosa, ilikuwa ya samaki.

Papa Timothée alifika na koti, kofia na leso, na mkewe mama Berthe, mwanamke mwembamba aliyesalimia kila mtu kwa mikono miwili, na Hubert aliyekuwa ametoka jasho tangu mtaa wao wa Mangobo. Waliketi uani chini ya turubai. Palikuwa na wali, pondu ya majani ya mihogo, ndizi za makemba za kukaanga, na sahani kubwa ya nyama katikati. Michel alisali sala fupi. Philomène hakuketi. Alisimama na uma wa kugawia.

Papa Timothée akakata kipande. Akakitia kinywani. Akatafuna pole pole, mtu wa ng'ombe anayejua anachotafuna, macho yanatazama mbali. Hakuna aliyegusa chakula chake. Akameza.

"Hii nyama," alisema, "inanuka moshi ya samaki."

"Papa!" Hubert alisema. Claire akainamisha kichwa.

Na Philomène, ambaye tangu asubuhi alikuwa na maneno ya adabu tayari mdomoni, aliyameza yote. "Ndiyo," alisema. "Inanuka. Nilitoa ingine yenye hainuki, nikaiosha mpaka ikakufa, iko kule kwa beseni, unaweza kuiona. Hii ndiyo ilibaki. Papa Timothée, nisikudanganye. Nyumba yangu inanuka samaki. Mimi nanuka samaki. Huyu mutoto nilimulea kwa samaki, nikamulipia mashuka na sindano ya hospitali ya masista kwa samaki, na kama anakuja kwako atakuja na ile harufu. Sitamuosha tena. Nimechoka kuosha. Kama unakataa, kataa, lakini useme ni wewe umekataa, si nyama yangu."

Maporomoko yalisikika. Mama Berthe aliweka mkono mdomoni, na ukimtazama vizuri ungeona anaficha kicheko.

Papa Timothée aliivua kofia yake, akaiweka gotini. "Mama," alisema, "mi sikumaliza." Akakata kipande cha pili, akakila, na safari hii hakuficha kwamba anakipenda. "Kwetu kule juu, baridi inatoboa mifupa. Mama yangu alitundika nyama juu ya moto ndani ya nyumba, siku mbili, siku tatu, mpaka yote inakuwa na moshi. Tulikula hivyo. Tangu nimeshuka hapa nakula nyama ya buchari. Haina mama, haina baba. Unatafuna, unatafuna, ni kama unatafuna karatasi." Akatikisa kichwa. "Nilisahau kabisa. Mama yangu amekufa zamani, sikujua nitamukumbuka hapa, kwa bale batu ya..."

Hakumaliza, akajifuta uso kwa ile leso, na alikaa nayo machoni zaidi ya inavyohitajika kufuta jasho. Hubert hakujua atazame wapi. Michel, kwa kuwa hakupenda kuona mwanaume mwenzake anahangaika, alivuta beseni la nyama nyeupe lililokuwa pembeni, akajipakulia, akatia pilipili nyingi, akala, akasema haiko mbaya sana. Wote wakacheka, hata papa Timothée, na mambo yakalegea.

Kisha mzee akasogeza sahani yake tupu mbele. "Niongezee," alisema.

Philomène alichoma kipande kwa uma. Alikiinua. Hakukiweka.

"Unaomba kwa nani?"

"Kwa wewe, mama."

"Mama wako wengi sokoni. Ukipita kesho utaona meza nzima ya bamama. Mi nauliza, hii nyama unaiomba kwa nani?"

Claire alimkanyaga mguu chini ya meza. Nyota, aliyekuwa amejibanza kwenye ua wa nyumba yake akijifanya anaanika nguo, aliacha kuanika. Papa Timothée akamtazama mwanawe, akamtazama binti, akautazama ule uma na kipande kinachodondosha mafuta, na midomo yake ikaanza kucheza.

"Kwa bokilo wangu," alisema.

"Sisikii, maporomoko yanapiga kelele."

"Kwa bokilo wangu!" alisema kwa sauti ya kusimamisha ndege. "Bokilo, niongezee nyama!"

Philomène akauweka uma mezani, akatia mkono mtupu kwenye sahani kubwa, akachagua kipande kinene kuliko vyote kwa vidole vyake mwenyewe, akampa.